"Dodoma joto, weka nzito": namna ya kuchagua namba ya oili ya injini bila kuburuzwa

"Bosi hapa Dodoma jua kali, weka nzito." Kama una gari na umewahi kumwaga oili gereji yoyote kuanzia Kizota mpaka Nzuguni hiyo sentensi ushaisikia, na fundi akishaisema ujue mkono wake tayari uko kwenye galoni ya 20W-50. Mimi niliisikia 2019 tulipohamia huku na ofisi, nimekuja na IST yangu ya 1.5 ambayo Dar ilikuwa inatumia 5W-30 siku zote, nikaona huyu fundi mwenyeji ndo anajua hali ya hewa ya kwao, nikakubali. Mwezi wa 7 ukafika na ule upepo wake wa asubuhi, kila nikiwasha gari injini inapiga kakakaka sekunde kadhaa ndo inatulia, baada ya wiki mbili tatu taa ya chekinjini ikawaka. Mashine ikasoma P0011, ambayo ni mambo ya VVT-i, ule mfumo unaosogeza muda wa vali kufunguka. Fundi wa pili akachomoa stiki ya kupimia oili, akasugua oili kwa vidole, akaniangalia, akasema "mzee nani kakuwekea hii oili ya trekta?" Tukamwaga, tukasafisha kale kachujio kadogo ka vali ya VVT-i, tukaweka 5W-30, kelele ikaisha na taa haikurudi.

Sisemi 20W-50 inaua gari, kuna injini zinaitaka na nitazitaja. Ninachosema ni kwamba sababu tuliyopewa, jua la Dodoma, sio sababu.

Tuanze na hilo joto maana uongo wote unaanzia hapo. Mwezi wa 11 mchana hapa inafika digrii 31, 32, tunahema, tunagombania kivuli cha mwarobaini. Ndani ya injini yako maji yanazunguka kwenye 80 na kitu mpaka 90 na kitu, oili inacheza kama 90 mpaka 110 ukiwa barabara kuu, na anayeshikilia hizo namba ni thamostati, ile vali inayoruhusu au kuzuia maji kwenda kwenye rejeta, sio jua. Thamostati ya injini ya 1NZ, yani ya IST, Raum, Probox na ndugu zake, inaanza kufunguka kwenye digrii 80 mpaka 84, iwe Japani kwenye theluji iwe Ihumwa saa 8 mchana. Kwahiyo huko nje kukiongezeka digrii kadhaa feni inawaka mara nyingi zaidi na rejeta inahangaika kidogo, oili yenyewe haijui sana kama uko Dodoma. Af kitu watu hawafikirii, hizi gari tunazonunua zimetumika Japani, na Tokyo mwezi wa 8 inapita 35 bila shida, joto la kunata kama la Dar, na zilikuwa zinatembea na 5W-30 au hata 0W-20 na ndo hizo zimekuja kwetu bado zinadunda.

Tena ukitaka kuwa mkweli tatizo la Dodoma lipo upande mwingine. Tuko mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, usiku wa mwezi wa 6 na wa 7 unashuka mpaka 13, 14, unalala na blanketi mbili. Gari imelala nje Nkuhungu, asubuhi saa 12 unaiwasha, oili ya 5W-30 muda huo ni nzito zaidi ya mara 15 kuliko itakavyokuwa injini ikishachemka vizuri. Hiyo ni 5W-30, ile unayoambiwa ni maji. Sasa ya 20W-50 iko mara mbili na zaidi ya hapo. Pampu inaisukuma hivyohivyo, ila inachelewa kufika juu kwenye kamshafti, ule mhimili unaofungua vali, na kipindi hicho kifupi ndo vyuma vinasagana.

Hapa niseme jambo moja kabla sijasahau, kuna mchezo wa mafundi wengi wa kutoa thamostati na kuitupa, gari ikichemsha tu "tutoe hii inazuia maji". Kama yako ilishatolewa (muulize aliyekuuzia, au angalia geji ya joto kama inapanda taratibu sana na kwenye mteremko inashuka tena) basi yote niliyosema hapo juu yanavurugika, injini inatembea baridi, oili haipati joto la kukausha unyevu na petroli inayoingia humo, unafungua kifuniko unakuta uji mweupe. Rudisha thamostati kwanza ndo tuongee namba za oili. Na kama gari inachemsha kweli, dawa iko kwenye rejeta, pampu ya maji, feni au gasketi, hakuna oili nzito inayotibu gari inayochemsha, hata ungeweka asali.

Haya, namba. 5W-30 zipo mbili ndani ya moja. Ya mwanzo yenye W ni tabia ya oili kwenye baridi, W ni winta, na sio baridi yetu hii, 5W inapimwa kuwasha injini kwenye digrii 30 chini ya sifuri, 10W kwenye 25 chini ya sifuri, 15W kwenye 20 chini, 20W kwenye 15 chini. Dodoma hatutafika huko hata kiama. Kwahiyo kwa sisi tofauti ya 5W-30 na 10W-30 ni ndogo sana, ukikosa moja dukani chukua nyingine usilale njaa kwa hilo, na mtu asikuuzie 0W kwa bei ya juu eti inawasha vizuri baridi ya Dodoma. Kama kitabu chako kinasema 0W weka 0W, ila kama hakisemi huna unachokikimbiza.

Namba ya pili ndo yenye kazi. Hiyo ni uzito wa oili, wataalamu wanaita mnato, ikiwa kwenye digrii 100, pale injini inapoishi. Kwa vipimo vya SAE, wale wahandisi waliopanga hizi namba, oili ya 20 inakuwa kati ya 6.9 na 9.3 kwa kipimo cha sentistoki, ya 30 ni 9.3 mpaka 12.5, ya 40 ni 12.5 mpaka 16.3, ya 50 ni 16.3 mpaka 21.9. Kwahiyo ukitoka 30 ukaenda 50 sio kwamba umeongeza kidogo, karibu umedabo. Mtengenezaji wa injini alipoweka ile nafasi kati ya beringi na kreki, nyembamba kuliko unywele, na vile vijia vya oili vya VVT-i, alipiga hesabu na oili ya uzito fulani. Oili nyepesi kupita kiasi inashindwa kuvitenganisha vyuma, nzito kupita kiasi haipenyi kwa wakati, inaleta joto lake yenyewe kwa kujisugua na inakula mafuta. Na usidanganywe na presha, oili nzito inapandisha presha kwenye geji sawa, lakini presha kubwa inaweza kuwa ni dalili tu kwamba haitaki kupita.

Sasa unaijuaje namba ya gari yako. Fungua boneti uangalie kifuniko cha kujazia oili, nyingi zimeandikwa palepale 5W-30 au 0W-20. Kama hakina kitu fungua kile kiboksi cha mbele ya abiria, gari nyingi zinakuja na kitabu cha Kijapani ambacho watu wanafungia karanga, usikitupe, maandishi huyajui lakini namba ni zilezile, pekua kurasa za nyuma mpaka uone 5W-30 na lita, au piga picha kwa simu ikutafsirie. Angalia pia nguzo ya mlango wa dereva au ndani ya boneti, wale jamaa wa Japani wakimwaga oili wanabandika kastika kenye tarehe na kilomita na mara nyingi aina ya oili, mimi niliwahi kuona Vitz imefika hapa Area C na stika yake bado inasomeka 0W-20. Ukikosa vyote hivyo kuna kibati chini ya boneti chenye modeli na jina la injini, 1NZ-FE, 2NZ-FE, 1KR-FE, kwa jina la injini unapata habari zote mtandaoni. Ila tafuta kwa injini usitafute kwa jina la gari, maana IST kuna ya 1.3 na ya 1.5, Noah kuna za kila namna.

Ukishapata namba ya kitabu hiyo ndo sehemu ya kuanzia na kwa watu wengi ndo pa kumalizia. Hizi Toyota ndogo za VVT-i, IST, Passo, Vitz, Raum, Probox, Premio, zipe 5W-30 au 10W-30 ulale. Kirikuu nayo ni hivyohivyo, ila kirikuu injini yake inabeba oili chini ya lita 3 na inazungushwa sana ikiwa imebeba matofali, yule oili yake inachoka haraka, mmwagie mapema na umpime kila wiki, kuliko kumwekea nzito ukamsahau.

Aqua, Prius na haibridi nyingine zinasema 0W-20. Hapa watu wanaogopa, "oili kama maji hiyo Dodoma itaungua". Haiungui, ukiipata orijino weka. Ukiikosa, vitabu vingi vya Toyota za namna hiyo vinataja mpaka 5W-30 kama ya kukubalika, weka hiyo, itakula petroli zaidi kidogo tu. Usivuke hapo kwenda 40 na 50, haibridi injini yake inazima na kuwaka njia nzima kuanzia Mtumba mpaka mjini, mara nyingi haijapata moto vizuri, nzito ndo inaiumiza zaidi ya gari ya kawaida.

Dizeli ni habari nyingine. Landkruza mkonga ya 1HZ, Canter, Fuso, hizo 15W-40 ni chakula chao na hapo fundi akikupa 15W-40 yuko sahihi kabisa. Mjomba wangu anachukua mahindi Kibaigwa na Canter, anapanda nayo Gairo imeshiba, hajawahi kuhangaika na kitu kingine, ila anachoangalia ni zile herufi za API zinazoonyesha daraja la ubora wa oili, anataka CI-4 au angalau CH-4, maana dizeli inatoa masizi na oili lazima iyabebe. Dizeli mpya zenye chujio la masizi kwenye ekzosi hizo usikisie kabisa, zinataka oili maalumu yenye majivu kidogo, ukikosea unaziba chujio na bei yake utauza kiwanja cha Nala. Na za Wajerumani, BMW, Benzi, VW, namba peke yake haitoshi, kitabu kinataja kibali cha kiwanda kama VW 502 00 au MB 229.5 na unatakiwa ukione hicho kibali nyuma ya galoni.

Kwa petroli herufi zinaanza na S, SJ ya 1996, SL ya 2001, SN ya 2010, SP ya 2020, kadiri herufi ya pili inavyosogea mbele ndo mpya zaidi, na mpya inaingia kwenye gari ya zamani bila tatizo. 5W-30 ya SN na 20W-50 ya SF zikiwa rafu moja bei tofauti, ile ya bei rahisi sio tu nzito, ni ya kizamani pia, SF ni teknolojia ya miaka ya 80.

Mwenye bodaboda unayesoma hapa usichukue oili ya gari, klachi yako inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini, tafuta iliyoandikwa JASO MA, alama ya oili ya pikipiki, na namba ya kitabu chako, basi.

Tuje kwenye lini upande namba, kwa sababu kuna wakati ni halali. Sababu ya kweli ni injini kula oili au kufanya kazi nzito kuliko kawaida. Kula oili unapima hivi, paki sehemu tambarare, zima, subiri dakika 5 mpaka 10, jaza mpaka alama ya juu kwenye stiki, iandike kilomita, tembea 1,000 upime tena kwa namna ileile. Sisi wa Dodoma tuna kipimo cha bure, kwenda Dar na kurudi ni kama kilomita 900. Vitabu vya Toyota vinaruhusu injini ile mpaka lita 1 kwa kilomita 1,000, kwangu mimi nusu lita tayari ni mazungumzo. Hapo ndo unapanda hatua moja, 30 kwenda 40, yani 5W-40 au 10W-40, unasikiliza na unapima tena. Injini za 1ZZ za mwanzomwanzo kwenye Spacio, Wish na Premio za 1.8 zina sifa hii, matundu ya kurudisha oili kwenye pistoni zake yalikuwa madogo yanaziba, unaweza kupanda 40 ukapunguza ulaji lakini hujatibu, ringi zikishaganda zimeganda. Na kabla hujalaumu ringi angalia chini, huenda haili, inavuja sili ya kreki au gasketi ya juu na vumbi letu limeganda humo tope jeusi.

50 ninaiona inafaa injini za zamani za kabureta ambazo kitabu chao chenyewe kinaitaja, au injini iliyochoka kabisa inayopiga moshi wa bluu na mwenyewe unakusanya hela za kuishusha. Kuiweka kwenye injini nzima ya VVT-i "ili idumu" ni kumvalisha mtoto viatu vya baba yake. Na wale wanaouziwa gari kwa madalali, injini ikiwa kimya ajabu na ina kilomita nyingi chomoa stiki, wengine wanajaza nzito makusudi ili kelele ijifiche mpaka ufike nyumbani.

Kama gari yako imekaa na 50 miaka na unataka kurudi kitabuni usiogope, huna haja ya dawa za kusafisha injini, mwaga ikiwa ya moto, badili filta, weka 10W-30 au pitia 10W-40 mzunguko mmoja kama ina umri, af angalia uvujaji wiki ya kwanza. Taa nyekundu ya kibirika ikiwaka injini ikiwa sailensa, yani inanguruma bila kukanyagwa, na oili imejaa, hiyo zima, ni presha ya oili iko chini, sio ya kuvumilia mpaka mwisho wa mwezi.

Muda wa kumwaga ndo pale Dodoma inapokuwa na neno lake la kweli. Toyota kwa petroli ya kawaida Japani wanasema kilomita 15,000 au mwaka, matumizi magumu 7,500 au miezi 6. Matumizi magumu kwao ni vumbi, barabara mbovu, safari fupifupi, yani sisi. Mimi namwaga kila 5,000 kwa sababu nyumba yangu iko kilomita mbili ndani ya vumbi na oili dukani siiamini asilimia mia, na ea klina napiga upepo kila mwezi kiangazi kikikolea. Vumbi likipita hapo linaingia kwenye oili kama msasa, na msasa hauchagui 30 wala 50.

Kununua, epuka oili ya kupima kwenye pipa, huwezi kujua ni nini. Nunua galoni ambalo pete ya kifuniko haijakatika, lina namba ya toleo iliyochapwa kwenye chupa, duka ambalo unaweza kurudi kugomba. Rangi isikudanganye, nyekundu, kijani, dhahabu, ni rangi tu. Ukishamaliza toboa galoni tupu kwa kisu kabla hujaliacha gereji, kuna watu wanazinunua hizo kwa kazi unayoijua. Oili chafu usiache imwagwe korongoni, bebea kwenye dumu ukapake nguzo za uzio, mchwa wa huku unawajua.

Na ukiwa njiani usiku, uko Gairo, stiki inaonyesha chini ya alama ya chini, kibanda pekee kilicho wazi kina 20W-50 tu, nunua nusu lita weka uendelee. Injini inakufa kwa kukosa oili haraka kuliko kwa kunywa oili ya namba nyingine, ukifika unamwaga.

IST yangu inachukua lita 3.7 pamoja na filta, galoni ni lita 4, kwahiyo kila nikimwaga inabaki mililita 300. Hizo siachi kwa fundi, nazitia kwenye chupa ya maji, naandika 5W-30 kwa makapeni, zinakaa kwenye buti kwa ajili ya safari ya Dar.